Malkia aliyefufuka akaulizia viatu

Betsy Taylor amepoteza kazi yake ya ukatibu, akagongwa na gari, akafa. Anazinduka kwenye nyumba ya mazishi huko Minnesota, Marekani, na kinachomtibua nyongo si kifo. Ni viatu. Wamemvisha vya bei chee, na vile vyake vizuri mama wa kambo keshajibebea. Baadaye anaambiwa kwamba yeye ndiye malkia wa wanyonya damu aliyetabiriwa, na habari hiyo anaipokea kama mtu aliyepigiwa simu kimakosa.

Hiyo ni Undead and Unwed ya MaryJanice Davidson, riwaya iliyowafikia wasomaji wengi kuanzia 2004 na kuzaa mfululizo mrefu uliofungwa 2016. Kuna wanaoipenda mno na kuna wanaoitupa kabla hawajafika katikati.

Wanaoitupa wana sababu. Betsy anatembea juani, msalaba haumtishi, maji ya baraka yanampigisha chafya tu. Asiyeweza kudhurika na lolote tumhofie nini? Tena utani wenyewe, ukishausikia katika kitabu cha tatu, unaujua wa saba utakavyokuwa. Wengine wanaongeza kwamba mwandishi amemshusha hadhi mnyonya damu: kiumbe wa majumba ya kale na majoho meusi leo anagombania kabati la viatu.

Hili la hadhi ndilo linalonifanya nishike kalamu. Hadhi ipi? Mwaka 1725, katika kijiji cha Kisiljevo huko Serbia, aliyedaiwa kutoka kaburini na kuua watu alikuwa mkulima, Petar Blagojević. Wanakijiji walimfukua mbele ya ofisa wa utawala wa Austria, wakamchoma kigingi kifuani, wakamteketeza. Hakuwa na ngome, hakuwa na cheo. Ubwana uliletwa na fasihi: John Polidori, daktari wa mshairi Lord Byron, alimvisha mnyonya damu suti ya kilodi mwaka 1819, na Bram Stoker akamfanya Count Dracula mwaka 1897. Tangu hapo tumezoea kudhani kwamba damu hunyonywa na watu wa nasaba bora peke yao. Davidson anapomkabidhi taji katibu aliyeachishwa kazi, hashushi kitu. Anamrudisha yule kiumbe kwa watu wa kawaida alikotoka.

Sisi wa huku hatukuhitaji Polidori kutuonyesha uhusiano wa damu na utawala. Wazee wetu walimhofia mumiani, na enzi za ukoloni mjini Nairobi na Kampala watu walinong'ona kwamba wazimamoto huteka watu na kuwatoa damu. Baada ya uhuru, mnyonyaji akawa neno la jukwaani, na mirija ikatakiwa ikatwe. Msomaji aliyekulia katika lugha hiyo akisikia "malkia wa wanyonya damu" anakuwa ameshacheka nusu kabla hajafungua ukurasa.

Na hapo vile viatu vinapata kazi. Wanaomtaka Betsy awe malkia wanataka awasaidie kumng'oa Nostro, dikteta wa wanyonya damu anayejivika suti isiyomkaa na kujifanya kama wanyonya damu wa sinema za zamani. Betsy hana haja na siasa zao. Hawamwambii juu ya haki, wala mustakabali wa taifa la wafu. Wanamwahidi viatu vya wabunifu wenye majina. Naye, baada ya kujitutumua kidogo, analegea.

Wahakiki wengi huona hapo mwanamke mwenye kichwa chepesi. Mimi naona takrima. Watanzania tulibishana miaka kuhusu mstari unaotenganisha ukarimu wa mgombea na rushwa, mpaka Mahakama Kuu ikaifuta sheria iliyoruhusu takrima mwaka 2006. Tofauti ni kwamba kwa Betsy anayepewa kanga ndiye atakayetawala. Davidson hapigi kelele juu ya hilo. Anaacha jozi ya viatu iseme jinsi kiti kinavyopatikana, na kicheko kinampitisha msomaji haraka kuliko hotuba yoyote.

Mahali ninapokubaliana na wanaokikataa kitabu ni kwa Eric Sinclair, mnyonya damu mmojawapo wa hao wanaomtaka Betsy awe malkia. (Natoboa siri, mniwie radhi, kitabu kina miaka 20 na ushee.) Sinclair analala na Betsy akijua kwamba tendo hilo litamfanya awe mfalme na mwenzi wake kwa miaka 1,000, na hamwambii. Ule ni ulaghai mkubwa kuliko viatu vyote vya Minnesota, na riwaya, iliyoweza kucheka kila kitu, inautendea kama sehemu ya mapenzi. Betsy anakasirika, ndiyo, lakini mfululizo unataka tumsamehe bwana huyo mapema mno.

Hata hivyo narudi kwa viumbe wa Nostro. Ni wanyonya damu wachanga aliowanyima damu walipofufuka tu, wakapoteza akili na kugeuka kama wanyama, naye akawafuga. Utawala ulipobadilika, wenye busara wote karibu na kiti walimshauri malkia awaue, kwa usalama wa watu. Yule anayedaiwa kuwaza viatu tu akakataa.