Mnyama Tuliyeishi Naye Azikwe kwa Heshima

Mtu akifiwa na mbwa au paka aliyekaa naye kwa miaka, mara nyingi hulazimika kuificha huzuni yake. Kazini hasemi, kwa kuwa anajua watamcheka. Nyumbani wakubwa humwambia aache mambo ya Kizungu. Na yule mnyama, ambaye jana alikuwa akiitwa kwa jina lake na kuitika kwa mkia, leo anaitwa mzoga, anatiwa kwenye kiroba na kutupwa jalalani pamoja na maganda ya ndizi. Naandika makala haya kuupinga mwenendo huo. Naamini kwamba mnyama aliyelelewa nyumbani, akala makombo yetu, akalinda mlango wetu na kucheza na watoto wetu, anastahili kuzikwa na watu waliomfuga, na kwamba anayemlilia anastahili kupewa pole ya kweli.

Hoja ninayoisikia mara nyingi zaidi ni ile ya kwamba kuzika mnyama wa nyumbani ni mtindo ulioletwa na Wazungu. Ni kweli kwamba mjini Asnières, karibu na Paris, yako makaburi ya mbwa na wanyama wengine yaliyofunguliwa mwaka 1899, na wengi wakiona picha za mawe yake ya marumaru hudhani huko ndiko desturi hii ilikoanzia. Lakini mfano wa kale kuliko huo, na ulio karibu zaidi nasi, uko Berenike, bandari ya kale ya Misri kwenye ufuko wa Bahari ya Shamu. Merikebu zilizoshuka kufanya biashara katika pwani hii yetu, ambayo Wagiriki na Warumi waliiita Azania, zilitokea katika bandari za bahari hiyo. Wanaakiolojia kutoka Poland, wakiongozwa katika kazi hiyo na Marta Osypińska, walifukua hapo makaburi ya wanyama karibu 600 waliozikwa katika karne ya kwanza na ya pili baada ya Kristo. Wengi wao ni paka, na pamoja nao wamo mbwa na nyani wadogo.

Kinachonigusa katika makaburi hayo ni namna wanyama hao walivyolazwa. Baadhi ya paka walikuwa bado wamevaa mikanda ya chuma au shanga shingoni. Wengine walifunikwa kwa kitambaa au kwa kigae cha mtungi, kila mmoja katika shimo lake. Hawakuhifadhiwa kwa dawa kama wanyama waliotolewa sadaka katika mahekalu ya Misri, na hakuna dalili kwamba waliuawa ili wazikwe. Wako waliokuwa wazee sana, wameng'oka meno, maana yake palikuwa na mtu aliyekuwa akiwalainishia chakula. Tukumbuke kwamba Berenike ilikuwa katikati ya jangwa, ambako nafaka zilisafirishwa kwa safari ya siku nyingi kutoka bonde la Nile. Mbwa mmoja mkubwa aliyekuwa na saratani ya mfupa alizikwa akiwa ameviringishwa katika mkeka wa majani ya mtende. Huyo hakuwa tena na uwezo wa kulinda ghala wala kuwinda panya, na bado mtu alimtafutia mkeka.

Kwa sisi tuliokulia katika mila za pwani, ushahidi mwingine uko karibu zaidi, maana umo katika mafundisho tunayosomeshwa tangu chuoni, yaani madrasani. Abu Umair, nduguye Anas bin Malik kwa mama, alikuwa mtoto mdogo aliyefuga ndege wa kuchezea. Siku moja Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, aliingia nyumbani kwao akamkuta mtoto amenuna, akauliza ana nini, akaambiwa kwamba ndege wake amekufa. Mtume alimsogelea, akamwita kwa heshima kama anavyoitwa mtu mzima, na kumuuliza habari za yule ndege wake mdogo. Wanazuoni waliitafakari sana hadithi hii fupi, na Ibn al-Qass, mwanafikihi aliyeishi miaka zaidi ya elfu moja iliyopita, alitoa ndani yake mafunzo yapatayo 60. Mimi linanitosha moja: kwamba kiongozi mwenye shughuli nyingi kiasi kile aliona kifo cha ndege wa mtoto ni habari inayostahili kuulizwa. Anayemdhihaki mtoto anayemlilia paka wake, basi, asidai kwamba anailinda dini.

Nchini Kenya taifa zima limewahi kuomboleza mnyama. Ndovu aliyeitwa Ahmed, wa Marsabit, alipewa ulinzi maalumu kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970, akafa mwaka 1974, na hadi leo sanamu yake ya ukubwa ule ule imesimama katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi. Tarehe 19 Machi 2018, katika hifadhi ya Ol Pejeta, alikufa Sudan, kifaru dume wa mwisho wa jamii ya vifaru weupe wa kaskazini, akiwa na umri wa miaka 45, baada ya madaktari kuamua kumpumzisha kwa sababu maradhi ya uzee yalikuwa yamemzidi. Alibaki binti yake, Najin, na mjukuu wake, Fatu. Hifadhi hiyo ina mahali maalumu pa kumbukumbu ya vifaru waliokufa, penye mawe yaliyoandikwa majina yao, na wanaokwenda pale husimama na kusoma jina moja baada ya jingine. Najua atakayesema kwamba ndovu na kifaru ni nyara za taifa, si sawa na mbwa wa uani. Nakubali. Lakini walinzi waliomlisha Sudan na kumkuna mgongo kila asubuhi hawakumlilia kama nyara. Walimlilia kwa sababu walimzoea.

Nataka pia kumtaja Magawa, kwa kuwa alizaliwa hapa kwetu Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya buku sehemu nyingi za nchi hii huwindwa kwa kitoweo. Huyu mmoja alifundishwa tangu utotoni, kwa sauti ya kidude kinacholia na kipande cha ndizi kila alipopatia, kisha akapelekwa Kambodia mwaka 2016. Huko aligundua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100, katika mashamba ambayo wakulima walikuwa wakiogopa kuyakanyaga. Mwaka 2020 alitunukiwa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, na habari za kifo chake mnamo Januari 2022, akiwa na umri wa miaka 8, zilitangazwa duniani kote. Kama panya buku wa Morogoro aliweza kuombolezwa kwa namna hiyo bila mtu kuona ni kichekesho, sioni ni kwa nini mama mjane anayeishi na paka mmoja aone haya kusema kwamba paka wake amekufa na kwamba nyumba imempwaya.

Nyumbani kwetu tulikuwa na mbwa aliyeitwa Popi. Sehemu ya chini ya mlango wa uani bado ina alama za kucha zake, mbao imechimbika mistari mistari, kwa sababu kila mvua kubwa iliponyesha aliugonga mlango mpaka afunguliwe. Alikufa kwa uzee. Baba mdogo alichukua jembe na sururu, akachimba shimo nyuma ya nyumba, mbali na kisima, na mama akatoa khanga yake kuukuu ya kumzungushia. Kijana mmoja wa jirani alipita akasimama.

"Shikamoo mzee. Mnazika nini hapo?"

"Marahaba. Tunamzika Popi."

"Mbwa?"

"Ndiyo, mwanangu. Ametulinda huyu."

Yule kijana hakucheka. Aliomba jembe, akasaidia kufukia. Kwa muda baada ya hapo mama, kila alipomaliza kupakua ugali, aliendelea kukwangua ukoko na kuuweka kwenye sahani ya bati iliyokuwa ya Popi, kisha akakumbuka, akaumwaga kwa kuku. Hakuna aliyemwambia kitu. Sote tulijua ni mkono uliozoea, na kwamba mazoea ya miaka hayaondoki kwa siku moja.

Naona ni vizuri kuweka mpaka hapa, maana wapo wanaodhani kwamba kumheshimu mnyama ni kumfanya mtu. Sitetei matanga ya mbwa, wala arobaini ya paka, wala sala ya maiti kwa kiumbe ambaye dini hazikumwekea ibada hiyo, na ningeudhika kuona familia inakopa fedha kwa ajili ya jeneza la mbwa huku karo ya watoto haijalipwa. Heshima ninayoisema ni ndogo na haina gharama: shimo la kutosha, kitambaa kisafi, jina lake litajwe, watu wa nyumbani wawepo. Ukitaka kupanda mti juu yake, panda. Picha mkiwa nayo, itunzeni, na habari zake zisimuliwe mezani kama zinavyosimuliwa habari za wengine walioondoka.

Watoto ndio wanaonihangaisha zaidi katika jambo hili. Kwa wengi wao kifo cha mnyama ndicho kifo cha kwanza kukishuhudia, na namna wazazi wanavyokieleza huwa ndiyo namna watakavyokielewa kifo cha bibi au cha ndugu siku za mbele. Mzazi anayesema kwamba paka ametoroka, au kwamba amepelekwa shamba kwa mjomba, humwacha mtoto akikaa mlangoni jioni kumsubiri, na baadaye akijiuliza alimkosea nini hata akakimbia. Mzazi anayekimbilia kuleta kitoto kingine cha paka siku hiyo hiyo na kukipa jina lile lile humfundisha kwamba aliyependwa hubadilishwa kama betri ya tochi. Ni bora mtoto aambiwe wazi kwamba amekufa, kwamba hatarudi, na kwamba si kosa lake. Kisha apewe kazi ya kufanya, kama vile kuchagua mahali pa kuzika au kushika kitambaa, ili naye awe amemuaga.

Yako mambo ya afya ambayo hayaepukiki. Kaburi lisikaribie kisima wala mfereji, na liwe na kina cha kama mita moja, ili mbwa wengine au fisi wasilifukue. Hili ni muhimu zaidi ikiwa mnyama alipumzishwa kwa sindano na daktari wa mifugo, kwa sababu dawa ile hubaki mwilini na huweza kumuua mnyama mwingine atakayemla. Mfuko wa plastiki usitumike. Khanga kuukuu au gunia la katani linatosha. Kama mbwa alikufa akiwa na dalili za kichaa cha mbwa, kwa mfano kutokwa na mate mengi, kung'ata ovyo au kupooza, mtu asimguse kwa mikono mitupu, na afisa mifugo aitwe kabla ya kufukia. Ugonjwa huo dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, hauna tiba ya kutegemewa, kwa hiyo yeyote aliyeng'atwa akimbilie hospitali siku hiyo hiyo. Na kama ni kitoto cha mbwa kilichokufa kwa parvo, ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoambukiza mbwa, virusi vyake huweza kudumu udongoni kwa miezi mingi. Msilete kingine mahali hapo bila kukichanja.

Haya yote nimeyasema kana kwamba kila mtu ana uwanja. Wakazi wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wanapanga vyumba, ua wao ni wa saruji, na mwenye nyumba hakubali shimo lichimbwe. Hao ndio wanaolazimika kumpa kijana wa taka fedha kidogo ili aondoke na kiroba, na nimewaona wakigeuza uso wakati kinapopakiwa mkokoteni. Halmashauri zetu hutenga ardhi kwa makaburi ya watu, kwa dampo na kwa machinjio. Haitakuwa mzigo mkubwa kutenga kipande kidogo nje ya mji kwa ajili ya wanyama wa nyumbani, chini ya uangalizi wa idara ya mifugo. Ada ndogo itozwe ili pasimamiwe vizuri. Afisa mifugo aandike chanzo cha kila kifo, jambo ambalo lingesaidia hata kugundua mapema mtaa wenye kichaa cha mbwa, na mwenye mnyama aruhusiwe kuweka jiwe lenye jina. Diwani wa kata yetu nimeshamwandikia barua kuhusu jambo hili, na nawaomba wasomaji wa kata nyingine nao wawaandikie madiwani wao kabla vikao vya bajeti havijaanza.