Bledi Nazo Ziwe za Wote, Kama Mikuki

Mwaka 2020 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilimkatalia Blake Leeper, Mmarekani aliyezaliwa bila miguu kuanzia chini ya magoti, kukimbia mita 400 na wanariadha wasio na ulemavu. Bledi zake, yaani miguu bandia ya kaboni iliyopinda ya kukimbilia, ilisemwa, zilimfanya awe mrefu kwa takriban sentimita 15 kuliko ambavyo angekuwa na miguu yake. Urefu ambao mtu angekuwa nao hukadiriwa kwa kupima viungo alivyo navyo. Mawakili wake walilalamika kwamba vipimo vya msingi vilichukuliwa kwa watu ambao weusi hawakuwamo. Hilo liliniuma. Kijana wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, akisimama mbele ya wapimaji hao, atalinganishwa na mwili wa nani?

Kikomo chenyewe cha urefu sikipingi. Markus Rehm wa Ujerumani, anayejirusha kwa mguu wenye bledi, aliruka mita 8.72 mwaka 2023, ilhali dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo ilipatikana kwa 8.41. Anayeuliza ana haki ya kuuliza. Ila kila mara tunamchunguza aliyezidishiwa, na asiye na kitu hatumfikii.

Tazama majina tunayoyashangilia hapa Uganda. David Emong, aliyeleta fedha ya mita 1500 kutoka Rio 2016, ana ulemavu wa mkono. Husnah Kukundakwe, muogeleaji wetu, vilevile ni mkono. Kwamba wote ni wa mkono, si wa mguu, sidhani ni bahati tu. Vita vya Kony viliwaacha watu wengi wa kaskazini bila miguu, na ajali za bodaboda zinawaongeza. Karakana ya viungo bandia ya Gulu imewasaidia wengi, lakini mguu wa kawaida ni kikombe cha plastiki ngumu kinachovishwa kigutu juu ya soksi, bomba, na unyayo wa mpira. Shambani unafika nao. Ukikimbia, jasho hujaa kikombeni, mguu huanza kuteleza, ngozi inachubuka. Na mpira haukurushi mbele kama kaboni.

Soka ya waliokatwa miguu, inayochezwa kwa magongo ya kutembelea, ililimaliza jambo hili la vifaa kwa kupiga marufuku miguu bandia uwanjani: wachezaji wote isipokuwa kipa wanacheza kwa magongo. Mbio za bledi haziwezi kufanya hivyo, ila zinaweza kuiga mchezo wa kurusha mkuki. Kwenye mashindano makubwa waandaaji huweka mikuki, na ukija na wako ulioidhinishwa, wenzako wanaruhusiwa kuutumia. Kikombe lazima kiwe cha mtu mwenyewe, lakini bledi hufungwa kwa bolti na huweza kubadilishwa. Wanaotunga kanuni za urefu wagharimie basi na ghala la bledi za ugumu mbalimbali, kwa wepesi na wazito, likae Kampala mwaka mzima. Kuziazima siku ya mashindano pekee hakutoshi, kwa sababu mwili unahitaji muda mrefu kuzizoea. Na mafundi wa Gulu wafundishwe kuzifunga na kuzirekebisha, ili mkimbiaji asilazimike kusubiri mtaalamu kutoka Ulaya.