Saladi nyekundu Dar inawezekana, vichwa tuwaachie Lushoto

Kwa maoni yangu, mtu wa Dar es Salaam anayelima saladi nyumbani akitaka vichwa vilivyofunga anajitafutia presha bure. Vichwa tuwaachie wenzetu wa Lushoto na Arusha, wenye baridi yao. Sisi wa Pwani tulime saladi ya majani, hasa ile nyekundu, kama Lollo Rossa. Haifungi kichwa, kwa hiyo hakuna cha kungojea: unachuma majani ya pembeni, moyo unauacha, baada ya siku chache unarudi na bakuli lako.

Kazi kubwa iko kwenye mbegu. Watu hununua pakiti duka la pembejeo, wanasia Januari, hakioti kitu, lawama zote kwa muuzaji. Mbegu ya saladi ikikuta udongo wenye joto la nyuzi 30 hivi hugoma kuota, hata kama ni nzima kabisa. Zikunje kwenye kitambaa chenye unyevu, uziweke kwenye friji (friji, si friza!) siku moja au mbili, kisha uzisie jioni. Na usizifukie. Mbegu hizi zinapenda mwanga ili ziote. Zinyunyizie udongo kiduchu tu, au zibonyeze kwa kiganja na uziache hivyo.

Halafu kuna suala la rangi, ambalo ndilo linalonifurahisha zaidi. Wekundu ule unatokana na anthosianini, rangi ambayo jani hujitengenezea likipigwa na jua, na ubaridi huiongeza. Ndiyo maana mche uliokaa chini ya mwembe hubaki kijani, na mwenyewe akaanza kusema ameuziwa mbegu feki. Kumbe kivuli kimezidi. Ukiutazama vizuri utaona jani lililofunikwa na mwenzake ni kijani, na lililo juu limeiva wekundu kwenye kingo zake zilizokunjamana. Lakini jua la saa nane mchana nalo halifai, litaufanya mche urefuke upesi utoe maua. Mimi nasimamia upande wa mashariki wa nyumba: jua la asubuhi lipate, la mchana ukuta ulizuie.

Msimu mzuri ni kipupwe, Juni hadi Agosti. Wakati wa masika konokono watakumaliza, na kiangazi cha Desemba hadi Machi mimi sihangaiki nayo kabisa, napanda mchicha.

Kiroba au ndoo iliyotobolewa chini inatosha, kwa sababu mizizi ya saladi haiendi mbali. Weka samadi iliyooza vizuri, matandazo ya nyasi kavu, maji kidogo kidogo asubuhi na jioni. Udongo ukikauka ukalowa ukakauka tena, majani yanakuwa machungu.

Wapo wanaosema ni mboga ya hotelini, haina maana uswahilini. Sikubaliani nao. Mboga inayoliwa mbichi ndiyo ya kwanza kulimwa nyumbani, kwa kuwa hapo unajua imemwagiliwa maji gani. Mchicha wa sokoni moto utausaidia, saladi haipiti jikoni.

Ukiona mche umeanza kupanda juu katikati na ukikata shina linatoa utomvu mweupe mwingi, usiubembeleze. Uchungu umeshaingia. Wape kuku, usie mingine.