Nani humpangia nyuki kazi: mwili wake au hali ya mzinga?

Askari wa mchwa hawezi kujilisha. Taya zake zimegeuka silaha, hazitafuni tena, na wafanyakazi wasipomtilia chakula mdomoni atakufa njaa katikati ya chakula. Wanaoamini kwamba jamii za wadudu huendeshwa na matabaka, kila mmoja na kazi aliyoumbiwa, wana shahidi mzuri sana hapa. Shahidi wao wa pili ni sisimizi wakata majani wa jenasi ya Atta, wa bara la Amerika. Kundi lililokomaa huwa na mamilioni ya wafanyakazi, wote majike, lakini ukubwa wao haulingani hata kidogo. Wadogo kabisa hutunza kuvu ambayo ndiyo chakula cha kundi, wa kati hukata majani na kuyabeba, wenye vichwa vikubwa hupigana. Mdogo hana taya za kukata jani gumu, na mkubwa hapenyi kwenye vijia vya bustani ya kuvu. Hapo mwili umeshaamua.

Hoja hii ni nzito. Ninachoikatalia ni kutandazwa juu ya wadudu wote wanaoishi kijamaa, ilhali spishi nyingi za sisimizi zina wafanyakazi wa umbo moja tu, na nyuki wa asali nao ni hivyo hivyo. Kwa nyuki, hata malkia na mfanyakazi hutokana na yai la aina moja. Anayeandaliwa kuwa malkia hulishwa maziwa ya nyuki muda wote wa ubuu, mwenzake huyapata kwa wingi siku chache za mwanzo kisha huhamishiwa mchanganyiko wenye asali na chavua. Wafanyakazi wenyewe kwa wenyewe hutofautiana zaidi kwa umri. Kijana husafisha vyumba vya sega, halafu hulisha majana, yaani watoto wa nyuki, hujenga, hupokea mbochi, yale maji matamu ya maua. Akifika wiki ya tatu hivi hutoka nje kutafuta chakula, na msimu wa shughuli nyingi huishi wiki sita hivi kwa jumla.

Ukiishia hapo utasema ratiba imeandikwa mwilini. Mtafiti wa nyuki Gene Robinson na wenzake nchini Marekani waliijaribu ratiba hiyo kwa kuunda makundi ya vijana watupu. Baadhi ya vijana hao walianza kwenda kutafuta chakula wakiwa na umri wa wiki moja hivi. Katika makundi ya wazee watupu, baadhi ya wazee walirudi kulea, na tezi za kutengenezea chakula cha majana, zilizokuwa zimenywea, zikaamka tena. Sababu inafahamika kwa kiasi kikubwa: wazee hubeba kemikali ambayo vijana wakiipata huchelewa kuingia kwenye kazi za nje. Wazee wakipungua, kizuizi hulegea. Hakuna anayetoa amri.

Hata palipo na maumbo tofauti, mlango haujafungwa kabisa. Mwaka 1984 Edward O. Wilson alichunguza sisimizi wa jenasi ya Pheidole, ambao wana wafanyakazi wadogo na wakubwa wenye vichwa vinene, yaani askari. Alipopunguza wadogo hadi wakawa wachache kuliko wakubwa, wale wakubwa waliingia katika kazi nyingi za wadogo, ikiwemo malezi, ndani ya saa moja. Wadogo waliporudishwa, wakubwa waliziacha kazi hizo. Napenda sana jaribio hili, kwa sababu linamtoa askari kwenye kazi inayodhaniwa kuwa ndiyo yake pekee.

Wanaosema kila mdudu ni bingwa wa kazi yake wana pigo jingine la kujibu. Anna Dornhaus, mwaka 2008, aliwapima sisimizi wa spishi ya Temnothorax albipennis akakuta kwamba waliojikita katika kazi moja hawakuifanya kwa ufanisi zaidi ya wengine. Halafu kuna wasiofanya lolote. Mwaka 2017, Daniel Charbonneau na wenzake walionyesha kwa spishi nyingine ya jenasi hiyo kwamba ukiwaondoa wachapakazi zaidi, nafasi zao huzibwa na waliokuwa wamekaa kimya. Ukiwaondoa wale wakimya, nafasi zao hazizibwi. Inaelekea hao ni akiba. Kundi linalotunza akiba ya namna hiyo haliwezi kuelezwa vizuri kwa matabaka peke yake.

Kwa hiyo natoa uzito kwa hali kuliko mwili, ila kwa sharti moja ambalo watetezi wa kubadilika hulipita haraka mno. Kubadilika kuna gharama. Utafiti wa nyuki uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba vijana wanaowahi kutoka hufanya safari chache na hufa mapema zaidi. Kila anayekufa anavuta kijana mwingine nje, walezi wa majana wanapungua, na kundi linaweza kuporomoka kwa kasi. Utaratibu uleule unaoliokoa kundi likipoteza wazee wachache huliangamiza likiwapoteza wengi kwa muda mrefu, iwe kwa magonjwa, sumu au njaa. Pilikapilika za mlangoni pa mzinga hazitoshi basi kuthibitisha afya yake. Inafaa kujua pia umri wa wanaotoka, na kama ndani wamebaki walezi wa kutosha kwa majana yaliyopo.