Highgate: kuzika juu ya waliokwisha kuzikwa

Makaburi ya Highgate, kaskazini mwa London, yalifunguliwa mwaka 1839 pembezoni mwa jiji kwa sababu viwanja vya makanisa ya mjini vilikuwa vimefurika. Leo Highgate nayo imejaa. Katika ekari 37 hivi kuna makaburi yapatayo 53,000 na marehemu wapatao 170,000. Mwaka 2022 Bunge la Uingereza liliyatungia makaburi haya sheria yao, inayowaruhusu wasimamizi kuyatumia upya makaburi ya zamani. Bila sheria hiyo mikono yao ilifungwa, maana tangu 1857 ni kosa nchini humo kufukua masalia ya mtu bila kibali.

Utaratibu wenyewe hauna pupa. Kaburi linalolengwa ni lile ambalo hajazikwa mtu ndani yake kwa miaka 75 au zaidi. Hutolewa matangazo, na mwenye haki ya kaburi huandikiwa barua kwa anwani ya mwisho iliyomo kwenye rejista. Yeye au ndugu wa marehemu akipinga, kaburi haliguswi kwa miaka 25. Asipojitokeza mtu, kuna njia mbili. Iliyo nyepesi ni kutumia nafasi iliyobaki juu, kwa kuwa makaburi mengi ya familia yalichimbwa marefu, yakakusudiwa majeneza kadhaa, wakazikwa wawili tu. Njia nzito ni kufukua mifupa, kuongeza kina cha shimo, kuirudisha mifupa chini kabisa, kisha kuzika mwingine juu yake.

Wanaounga mkono wana hoja iliyothibitishwa na Highgate yenyewe. Kampuni iliyoyamiliki iliishi kwa kuuza makaburi mapya. Nafasi zilipopungua, mapato yakakauka, na mwaka 1975 upande wa magharibi ukafungwa. Miti ikajiotea kati ya makaburi, mizizi ikapasua mawe na kuta za vyumba vya maziko, minara midogo ikalala. Waliouokoa ni wakazi na wapenzi wa eneo lile waliounda chama mwaka huohuo, na kazi ya kukata miti na kusimamisha mawe haijaisha hadi leo. Viingilio vya watalii husaidia, lakini eneo linaloishi kwa watalii peke yao hugeuka makumbusho.

Upande wa pili una uzito wake, na haifai kuupuuza. Walionunua makaburi karne ya 19 waliuziwa haki ya kudumu. Tangazo lililobandikwa langoni London halimfikii kitukuu aliyezaliwa Australia. Tena udongo wa London ni mfinyanzi mzito unaoshika maji, na maiti huoza polepole ndani yake. Miaka 75 ni hesabu ya kisheria tu. Mchimbaji anaweza kukuta jeneza lililobaki zima, na hapo hana budi kufukia na kuacha. Kuna pia makaburi yasiyopaswa kufunguliwa kabisa: Alexander Litvinenko, jasusi wa zamani wa Urusi aliyeuawa kwa sumu ya poloniamu mwaka 2006, alizikwa Highgate katika jeneza lililofungwa maalumu kwa ajili ya mionzi.

Kwa msomaji Mwislamu wa pwani suala hili huenda lisitishe sana. Fiqhi ya Kishafii inaruhusu kuzika tena mahali palepale maiti ya kwanza ikishaoza, na mifupa ikionekana husogezwa kando na kustiriwa. Tofauti ni kwamba kwetu kaburi la kawaida haliuzwi kwa ahadi ya milele, wala halijengewi mnara.

Na minara ndiyo inayowaleta wageni. Karl Marx alizikwa mwaka 1883 pembeni kabisa, katika kaburi la mkewe Jenny. Mwaka 1954 masalia yao yalifukuliwa na kuhamishiwa mahali pa wazi zaidi, na sanamu ya kichwa chake ikazinduliwa mwaka 1956. Kwa hiyo kaburi linalotembelewa kuliko yote pale limetokana na ufukuaji. Pembeni yake alizikwa Claudia Jones, mwanahabari mzaliwa wa Trinidad, mwaka 1965, na karibu hapo Yusuf Dadoo, mpigania uhuru wa Afrika Kusini, mwaka 1983. Kama Highgate ingefunga daftari mapema, wawili hao wasingelala hapo. Mimi naona hii ndiyo hoja kubwa kuliko ya fedha: eneo linaloendelea kuzika ndilo linaloendelea kuandika historia.

Ninachohofia ni nani atakayepisha. Kaburi la Marx liko katika daraja la juu kabisa la ulinzi wa majengo ya kihistoria, na la George Eliot, mwandishi wa riwaya wa karne ya 19, lina wasomaji wa kulitetea. Atakayesogezwa ni fundi au mfuaji nguo ambaye jina lake halipo popote ila kwenye jiwe lile. Kwa huyo, kupiga picha jiwe na kunakili maandishi yote kabla ya jembe kugusa ardhi ni jambo la lazima. Makaburi ya City of London, mashariki mwa jiji, yamekwisha kuonyesha njia: jiwe la zamani hugeuzwa, jina jipya likachongwa mgongoni, na la kwanza likabaki upande wake.