Civilization VII: Misri ikigeuka Songhai, Songhai ikigeuka Buganda

Waliowahi kuugua maradhi ya gemu hili wanayajua. Saa tano usiku unajiambia zamu moja tu, ukija kuinua macho jogoo wanawika. Tangu mtunzi wa magemu Sid Meier alipotoa Civilization ya kwanza, gemu la kompyuta la kujenga himaya zamu kwa zamu, mwaka 1991, makubaliano kati ya gemu na mchezaji hayakubadilika: unachagua taifa, unaanza na kijiji kimoja miaka 4000 kabla ya Kristo, na ukijaliwa, taifa hilohilo linarusha chombo angani.

Civilization VII, iliyotoka rasmi 11 Februari 2025, imevunja makubaliano hayo. Historia imekatwa vipande vitatu: Zama za Kale, Zama za Uvumbuzi na Zama za Kisasa. Kwa jinsi lilivyotoka, kipande kikiisha, taifa lako linaisha nacho, nawe unachagua jingine. Anayebaki ni kiongozi, na si lazima awe na undugu wowote na watu anaowaongoza. Benjamin Franklin anaweza kuanza na Misri, Harriet Tubman, aliyewatorosha watumwa Marekani, akaanza na Aksum, dola ya kale ya Ethiopia.

Nimemaliza michezo miwili, wa tatu nimeuacha njiani. Katika ule wa kwanza nilimchukua Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, kwa sababu za kindugu tu: huyu bwana alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji ule. Nikampa Misri. Zama za Kale zilipokwisha, gemu likaniambia naweza kuwa Songhai, ile dola ya Afrika Magharibi. Na kama ningekuwa nimestawisha malisho matatu ya farasi, ningeweza kuwa Mongolia. Nikashika Songhai, na Songhai ikanifungulia Buganda.

Hapo ndipo ubishi wote ulipo. Firaxis, watengenezaji wake huko Marekani, wanasema historia hujengwa kwa tabaka, na mfano wao ni London: wakaja Warumi, wakaja Waanglo-Saksoni, wakaja Wanormani. Nakiri hoja hii ilinigusa kuliko nilivyotarajia. Mtu wa pwani yetu hahitaji kupelekwa London kuielewa. Kilwa Kisiwani ilitawaliwa na masultani wake, Wareno wakaivamia mwaka 1505, baadaye ikaja mikono ya Omani, kisha Wajerumani. Ule mtindo wa zamani, wa taifa moja kutembea na jina moja kutoka shoka la jiwe hadi roketi, ndio uliokuwa hadithi ya kubuni.

Lakini tabaka hukaa juu ya tabaka. Watu wa Kilwa hawakulala Waswahili wakaamka Wareno. Songhai ilivunjwa na jeshi la Morocco mwaka 1591, maelfu ya kilomita kutoka Ziwa Nyanza, na Buganda ilikua bila kuidai Songhai hata ngozi ya mbuzi. Gemu likiziunganisha kwa sababu zote ni za Afrika na basi, hilo si tabaka, ni kabati la kutupia vitu visivyojulikana mahali pake. Najua, hili ni gemu ambalo Gandhi aliwahi kuwa na mabomu ya nyuklia, na hakuna aliyekuja hapa kufanya mtihani wa historia. Ila mzaha wa Gandhi haukujiita nadharia.

Upande wa uchezaji, mkato wa zama unafanya kazi nzuri na mbaya kwa pigo moja. Katika matoleo ya nyuma, ukifika katikati umeshajua nani atashinda, na saa zilizobaki ni za kukamilisha hesabu. Wengi tulikuwa tunaacha hapo. Sasa aliyebaki nyuma anapata kuvuta pumzi, na kila zama ina malengo yake. Lakini mwisho wa Zama za Kale nilikuwa nimeuzingira mji wa mpinzani wangu Xerxes, mfalme wa Uajemi, zamu mbili hivi niuangushe. Zama zikaisha. Vita ikafutwa, baadhi ya vikosi havikuonekana tena, na miji yangu, isipokuwa makao makuu, ikashushwa hadhi kuwa miji midogo. Sikushindwa wala sikushinda. Nilikatiwa umeme.

Mengine ni mazuri bila ubishi. Kamanda anakusanya vikosi na kusafiri navyo kama kifurushi, ukaondokana na adha ya kusogeza askari mmoja mmoja. Vibarua wa kujenga mashamba wameondolewa, sikuwakumbuka hata siku moja. Menyu, hapana. Taarifa zimefichwa, namba hazielezwi, na Firaxis wenyewe wamekubali kwamba hapo pana kazi.

Kinachonisumbua zaidi ni Zama za Uvumbuzi. Dunia imegawanywa: kwenu, na nchi za mbali. Lengo la kiuchumi la zama hizi linataka uvuke bahari, ukamate viungo na mali nyingine za huko, uzipakie kwenye misafara ya hazina, uzirudishe nyumbani. Kama fumbo la kuchezea limetengenezwa vizuri, na meli ya kwanza kutia nanga inafurahisha kweli. Lakini hiyo ni bahari kama alivyoiona Vasco da Gama mwaka 1498. Bahari ya Hindi aliyoikuta ilikuwa na majahazi yakienda na kaskazi na kurudi na kusi, wafanyabiashara wakijuana kwa majina, na hakuna aliyekuwa wa mbali. Civilization VI angalau iliijenga Kilwa Kisiwani kama moja ya maajabu ya dunia na kuweka Zanzibar yenye karafuu na mdalasini. Safari hii, gemu lilipotoka, Waswahili hawakuwamo kati ya mataifa ya kuchezwa, katika mfululizo ambao wimbo wake wa mwaka 2005, Baba Yetu wa Christopher Tin, ulioimbwa kwa Kiswahili, ulikuwa muziki wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Tin amerudi na wimbo mpya. Ni mzuri. Nimeusikiliza mara mbili nikarudi kwa ule wa zamani.

Jambo moja lilinichekesha peke yangu. Gemu lilipotoka, Buganda ilikuwamo ndani ya bei ya msingi ya dola 70, pamoja na Ziwa la Kabaka na Muzibu Azaala Mpanga, nyumba ya makaburi ya Kasubi. Uingereza haikuwamo. Ilikuja kuuzwa pembeni kama nyongeza mwezi Machi 2025. Sijui kama kuna Mganda yeyote Firaxis, lakini mtu fulani amelipa deni la zamani.

Kama ningeulizwa, ningeziacha zama zibaki na kubadili kitu kimoja: taifa liendelee na jina lake na mizigo yake, lipokee tu mapya kutoka kwa wageni waliofika bandarini. Mchezo wangu wa tatu umesimama katikati ya tauni, Aksum ikikaribia mwisho wa Zama za Kale. Sijabonyeza zamu inayofuata kwa sababu sitaki kuiacha Aksum.