Dakika 20 juu ya pikipiki ya mwenzio

Pikipiki yangu, Suzuki V-Strom 650 ya mwaka 2009, imeanza kunidai. Mwezi mmoja ni beringi za gurudumu la mbele, mwezi unaofuata ni cheni na sproketi zake, na shokapu ya nyuma imechoka kiasi kwamba kwenye matuta ya Kibaha kazi yake inafanywa na mgongo wangu. Natafuta mrithi wake. Nina majina matatu mfukoni: Royal Enfield Himalayan 450, Yamaha Ténéré 700 na Honda Africa Twin ya 1100. Kila ninayemweleza ana moja kati ya kauli mbili. Kuna wanaosema usitoe hata shilingi kabla hujaipanda, utauziwa mbuzi kwenye gunia. Na kuna wanaosema kujaribu ni kujifurahisha tu, wewe angalia spea na fundi, mengine utazoea.

Nianze na wale wa kwanza, maana nusura niwapuuze. Karatasi ya kiwandani inasema kiti cha Ténéré kiko milimita 875 kutoka chini, cha Himalayan 825. Tofauti ya sentimita tano. Ukiwa sebuleni na simu mkononi, hizo ni vidole vitatu tu. Rafiki yangu akanipa Ténéré yake Pugu, kwenye njia ya kokoto inayoteremka. Nikasimama kumpisha mama mmoja mwenye ndoo kichwani. Mguu wa kulia ukashuka kutafuta ardhi, ukakuta hewa, kwa sababu upande ule njia ilikuwa imeliwa na maji. Kilo 205 zikishaanza kuegemea, mtu wa kilo 64 hazizuii. Pikipiki ikalala taratibu kama ng'ombe anayecheua, mimi nikaruka pembeni. Vijana wawili wa bodaboda wakaniinulia. Mmoja akauliza kama ni yangu. Niliposema ya kuazima, akacheka zaidi.

Hilo hakuna karatasi ingenifundisha. Na si urefu tu. Joto la injini linalopanda mapajani kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana halina namba. Upepo unaokatwa na kioo cha mbele ukaja kuipiga helmeti kwa mtetemo, huo unaujua ukifika kilomita 90 kwa saa, na mtu mrefu kukuzidi hausikii kabisa. Kusimama kwenye vikanyagio nako ni vilevile: usukani ukiwa chini kidogo, mgongo unajikunja, na baada ya nusu saa ya barabara ya vumbi unatamani kukaa hata pale ambapo hupaswi kukaa.

Sasa wale wa pili. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na anayebadilisha pikipiki ndiye hasa wa kuambiwa. Mimi nililinganisha Ténéré na kitu kilichokufa. Springi zake zina nafasi ya kucheza ya sentimita 21 mbele na 20 nyuma. Nikitoka kwenye shokapu yangu ile, hata Boxer mpya ya bodaboda ingekuwa Ulaya. Kwa hiyo kabla ya kuendelea nimefanya jambo ambalo fundi wangu aliliona la ajabu: nimeifunga V-Strom shokapu nyingine na tairi mpya. Aliniuliza, unatengeneza unachouza? Ndiyo. Ukitaka kupima uzito, kwanza hakikisha mizani yenyewe haijapinda. Tena nusu ya malalamiko yangu yameisha kwa tairi peke yake, jambo lililoniaibisha kidogo.

Kosa la upande wa pili nililifanya Morogoro, kwa Himalayan. Niliazimwa kwa nusu saa. Kwenye mashimo madogo ikawa inarukaruka kama mbuzi. Nikaifuta papo hapo. Jioni, tukinywa chai, mwenyewe akasema huwa anampakia mke wake na mizigo, hivyo springi ya nyuma ameikaza, na tairi zilikuwa na upepo wa safari ya lami. Dakika kumi za spana na kupunguza upepo zingenipa pikipiki nyingine. Nilikuwa nimehukumu ndoa ya watu, si mashine.

Africa Twin niliipanda Nairobi, kwa muuzaji mmoja aliyenipa dakika 25 za lami tupu, kijana wake akinifuata nyuma kwa pikipiki ndogo. Ilikuwa ile ya DCT, inayobadilisha gia yenyewe, isiyo na klachi mkononi. Kwenye kugeuza polepole vidole vyangu vya kushoto vilibana pasipo kitu, moyo ukaruka. Wanaoitumia husema inahitaji siku kadhaa kuzoea, na nawaamini. Dakika 25 hazitoshi kuikataa wala kuichumbia.

Ninavyoona sasa, jaribio fupi lina ukweli juu ya yale yasiyofungwa kwa spana: urefu wa mguu wako, magoti, joto, uzito unapoisukuma kinyumenyume kwenye mteremko injini ikiwa imezimwa. Hilo la mwisho watu hawalifanyi kamwe, nami naliona lina thamani kuliko mbio zote. Ulaini, usukani, upepo wa tairi, hata kiti, hivyo vinarekebishika, na kuvihukumu kwa dakika 20 ni kujidhulumu mwenyewe. Africa Twin nimeiondoa kwa kilo zake zaidi ya 230, si kwa gia zake.

Ila kuna neno moja la wale wa spea ambalo jaribio haliligusi hata kidogo. Mkono wa klachi wa Boxer ukivunjika Manyoni, kwa mwendo wa dakika kumi umepata mwingine. Ukivunjika wa Ténéré, unaanza kupiga simu. Na hapo pia watu wanakosea: wanaoniambia Himalayan ni ya fundi yeyote wanazungumzia ile ya zamani ya cc 411, inayopozwa kwa hewa na mafuta. Hii ya 450, yenye cc 452 hasa, iliyotoka 2023, ina injini mpya inayopozwa kwa maji. Sifa za mama hazirithiwi na mtoto bila kupimwa.

Njia ya kati ipo, nayo inauma mfukoni. Arusha na Nairobi wapo wanaokodisha pikipiki za safari; siku mbili zenye vumbi, mizigo na usingizi mbaya zinafundisha kuliko wauzaji kumi. Bei yake inakaribia ya tairi, nikilia nitalia mara moja. Himalayan nitaikodi hivyo.

Ténéré, rafiki yangu ameishusha nyuma kwa kiungo cha kupunguza kimo. Nimemwambia kwamba sasa bamba la chini litakuwa linabisha hodi kwenye kila jiwe, amesema nisimfundishe kazi. Jumamosi narudi nayo Pugu. Nitasimama palepale palipoliwa na maji, mguu wa kulia.